Muulize Mzee wa Kaunta: Jina lako na daftari la bunduki ndefu

Toleo lililopita niligusia kidogo uwindaji wa nguruwe pori, na barua zikamiminika. Nilidhani mtauliza habari za mbwa na buti. Karibu zote zinauliza daftari, lile ambalo jimbo la California huandika wenye bunduki: nani anaandikwa, anaandikwa wapi, na wale waliokuwa na bunduki zao kabla ya sheria wafanye nini.

Kwa wasionijua: nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la bunduki katika Bonde la Kati la California miaka kumi na tisa, kabla magoti hayajaniambia basi. Si wakili. Mwenye kesi atafute wakili, asinitafute mimi. Na neno la lugha kwanza, maana wengine mmechanganya: ninaposema bunduki ndefu ninamaanisha raifali na shotigani, ile ya pili wazee wetu wa Tanga wakiiita bunduki ya marisau. Bastola ina mambo yake mengine, leo naiacha.

*Shikamoo mzee. Mimi ni Mkongo, ninaishi San Diego, nina kadi ya ukaazi. Nataka shotigani ya kuwindia bata. Rafiki yangu wa Arizona alinunua yake na kutoka nayo dukani siku hiyohiyo. Ananiambia huku kwenu serikali itaniandika jina na halitafutwa. Ni kweli? Na hiyo sheria ni mpya?*

Marahaba. Ni kweli, ila si mpya kama wanavyoisimulia. Gavana Jerry Brown aliitia saini Oktoba 2011, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2014. Kabla ya hapo, ukinunua raifali au shotigani California, jina lako lilipelekwa Idara ya Sheria ya jimbo, likachunguzwa, na uchunguzi ukiisha habari za bunduki ile zikafutwa. Za bastola zilibaki, za bunduki ndefu hazikubaki. Tangu siku ile ya 2014 zote zinabaki: aina, modeli, namba iliyochongwa kwenye chuma, na wewe mwenyewe. Nakumbuka Desemba 2013 dukani kwetu. Watu walijipanga wiki ya Krismasi kana kwamba tunauza sukari ya magendo, wanataka karatasi zao ziingie kabla mwaka haujageuka. Mmoja alinunua shotigani ambayo hata hakuijaribu begani.

Rafiki yako wa Arizona hakudanganya, kwao hakuna daftari wala siku za kungoja. Serikali kuu ya Washington nayo imezuiwa na sheria ya 1986 isiunde daftari la nchi nzima kutokana na karatasi za maduka. Kwa hiyo anayekuandika ni jimbo, na kila jimbo lina ngoma yake.

Sasa nikueleze siku yenyewe itakavyokuwa. Utatoa kitambulisho chako cha California. Utajaza fomu ya serikali kuu, namba 4473, na kwa kuwa si raia utaandika pia namba yako ya uhamiaji, ile inayoanza na A kwenye kadi ya ukaazi. Mwenye kadi ya ukaazi anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya kutembea au ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, ingawa upo mlango mwembamba kwa mwenye leseni halali ya kuwinda. Tazama pia pembe ya juu ya leseni yako ya udereva: ikiwa imeandikwa FEDERAL LIMITS APPLY, haitoshi peke yake. Njoo na kadi ya ukaazi, au cheti cha uraia, au pasipoti ya Marekani. Nimewarudisha watu nyumbani kwa sababu hiyo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na hakuna aliyenishukuru.

Halafu muuzaji atachukua bunduki, ataigeuza kwenye mwanga, na kusoma namba. Hapa nilikuwa nawaambia vijana wangu: mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, kisha mbadilishane. Herufi O na sifuri zimewatia watu taabu kuliko ulevi. Namba ikikosewa, daftari litasema una bunduki ambayo huna, na ile uliyonayo haitakuwa ya mtu.

Baada ya hapo ni siku kumi. Si siku kumi za kalenda, ni saa 24 mara kumi, kwa dakika. Karatasi ikipelekwa Jumamosi saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, bunduki inatoka Jumanne ya pili baada yake, saa tisa na dakika kumi na mbili, si kabla. Na usiilaze dukani: ukizidisha siku 30 tangu karatasi ilipopelekwa, mambo yanaanza upya na ada unalipa upya. Mteja wangu mmoja alinunua raifali, siku ya nne akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki Mombasa. Alizika, akakaa arobaini kama inavyopasa, akarudi. Karatasi ilikuwa imekufa. Nilimwambia pole mara mbili, moja ya mama na moja ya ada.

Kitu kingine unachohitaji ni cheti cha usalama wa bunduki. Zamani kilikuwa cha bastola tu. Tangu 2015 kinatakiwa na kwa bunduki ndefu. Dola 25, kinadumu miaka mitano, mtihani una maswali 30 na unapita kwa 23. Mtihani upo kwa Kiingereza na Kihispania. Kiswahili hakuna, lakini asiyesoma lugha hizo anaweza kusomewa na mkalimani. Nimewahi kumfanyia kazi hiyo mama mmoja wa Bukavu. Tulipofika kwenye kanuni ya kwanza, kwamba kila bunduki uichukulie kuwa imejaa, alinitazama kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. Kwao hilo mtoto analijua kabla ya kujua kusoma.

Lakini wewe unawinda. Mwenye leseni ya kuwinda ya California ambayo muda wake haujakwisha hahitaji cheti hicho kwa bunduki ndefu. Leseni unaihitaji kwa bata vyovyote vile, basi anza nayo. Na kumbuka risasi za kuwindia hapa tangu Julai 2019 zisiwe za madini ya risasi. Marisau ya chuma cha pua, sawa.

*Mzee, jumla ni kiasi gani? Nimeona shotigani ya dola 400.*

Chukua kalamu. 400 ya bunduki. Tangu Julai 2024 jimbo linatoza kodi ya asilimia 11 juu ya bunduki na risasi. Kisheria anadaiwa muuzaji, ila sijaona muuzaji anayeimeza, kwa hiyo weka 44. Ada ya uchunguzi na kuandikwa ni dola 37 na senti 19. Cheti 25 kama huna leseni ya kuwinda. Umefika dola 506 na senti 19, na kodi ya mauzo ya mji wako bado haijaingia. Kufuli pia, duka lako lisipokupa bure, maana bunduki haitoki bila kifaa cha kuifunga kilichokubaliwa na jimbo.

*Shikamoo babu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anataka kumpa mwanangu raifali yake ya kuwindia kulungu. Kijana ana miaka 20. Si anampa mwanawe tu? Au na hilo nalo linaandikwa? Mama wa Sacramento.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna kile ambacho Waswahili wengi tunagonga nacho kichwa.

Kwetu, mtoto wa kaka yako ni mwanao, hapana mjadala, na baba mdogo ni baba. Sheria ya California haijui baba mdogo. Inayoiita familia, kwa habari ya kupeana bunduki, inakwenda juu na chini tu kama ngazi: mzazi kwa mtoto, babu na bibi kwa mjukuu, na kinyume chake. Haiendi pembeni. Kaka kwa kaka, haimo. Mjomba, shangazi, binamu, hawamo kabisa. Mume na mke wana mlango wao.

Angekuwa ni babu yake anayempa, ingekuwa rahisi: kijana anachukua, na ndani ya siku 30 anajaza fomu ya familia na kulipa dola 19. Kabla ya 2014 hata fomu hiyo haikuhitajika kwa bunduki ndefu, ndiyo maana watu wazima wengi wanakuapia kwamba hakuna kitu. Walikuwa sahihi, zamani. Kwa baba mdogo, wote wawili waende dukani pamoja na raifali, haina risasi ndani, imo kwenye mfuko wake. Muuzaji anafanya kama anauza: uchunguzi, siku kumi, ada ile ya 37.19, na yeye mwenyewe anaruhusiwa kudai hadi dola 10 za kazi yake. Nikijumlisha ni 47.19. Raifali inabaki dukani siku zote kumi.

Na umri. Tangu 2019 jimbo limepandisha umri wa kununua bunduki ndefu hadi miaka 21, wakati serikali kuu inaruhusu 18. Wa miaka 18 hadi 20 anapita akiwa na leseni halali ya kuwinda, isipokuwa kwa raifali zile zinazojikoki zenyewe zenye risasi za centerfire, yaani zinazogongwa katikati ya kitako. Hizo leseni haimsaidii. Raifali ya kulungu mara nyingi ni ya kuvuta koki kwa mkono kila risasi, kwa hiyo huenda hana shida. Amuulize baba yake mdogo ni ya aina gani kabla hawajafunga safari.

Kuna ndugu watakaokushauri: shemeji ampe kaka yake kimyakimya, halafu baba ampe mwana kwa fomu ya familia. Ile hatua ya kwanza ni kosa. Kaka kwa kaka, nimeshasema.

*Je, mke wangu anaweza kununua kwa jina lake halafu bunduki ikawa yangu, kwa sababu mimi nina kesi ya zamani?*

Hapana. Serikali kuu inaweza kuwafunga hadi miaka 15, na yeye ndiye atakayekuwa ametia saini.

*Nimehamia Stockton kutoka Houston mwezi uliopita. Nina shotigani moja na raifali moja, zote nilinunua Texas kihalali, hazijaandikwa popote. Nifanye nini?*

Una siku 60 tangu ulipofika kuwa mkaazi. Kuna fomu ya mkaazi mpya, dola 19, unaipeleka kwa njia ya mtandao katika mfumo wa jimbo unaoitwa CFARS. Shotigani sina wasiwasi nayo. Raifali ndiyo nataka kujua sura yake. Ikiwa ni ya kujikoki, magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, inachomoka, na ina kishikio cha mkono kama cha bastola, hapa inaangukia kwenye sheria ya silaha za mashambulizi. Sheria hiyo ilizaliwa mjini kwako huko huko: Januari 1989 mtu aliwafyatulia risasi watoto uwanjani mwa shule ya msingi Stockton, watano wakafa, na mwaka huohuo jimbo likaitunga. Walioishi hapa walipewa nafasi za kusajili kwa awamu. Dirisha la mwisho kubwa lilifungwa kiangazi cha 2018, na siku zile za mwisho tovuti ilielemewa, watu wakikaa usiku kucha wakibonyeza. Silaha ya namna hiyo haisajiliki tena na haitakiwi kuingia. Ikiwa ndiyo uliyonayo, usijaze fomu yoyote wiki hii. Wiki hii ni ya wakili. Magazini za risasi zaidi ya kumi, hadithi ni hiyohiyo.

*Mzee, daftari hili si ndilo watakalotumia siku moja kuja kutunyang'anya?*

Swali hili nimelisikia kaunta kila siku, kwa Kiingereza cha kila kabila. Nakujibu ninachokijua. Daftari linatumika kunyang'anya, naam, tangu 2006: jimbo lina orodha ya watu waliosajiliwa na bunduki kisha wakapoteza haki ya kuwa nazo, kwa hukumu, au kwa amri ya mahakama ya kumkinga mke, na maofisa huwagongea mlango. Tangu 2014 bunduki ndefu nazo zinaonekana humo. Sikosi usingizi kwa hilo. Marehemu baba yangu Muheza alikuwa na bunduki ya marisau ya kufukuzia nyani na nguruwe shambani, na kitabu chake cha leseni alikipeleka polisi kila ulipofika wakati. Nilikua nikidhani bunduki na daftari ni kitu kimoja, kama ng'ombe na kamba.

Kinachonikera ni kingine. Juni 2022 idara hiyohiyo ya jimbo ilifungua ukurasa wa takwimu, na kwa uzembe majina na anwani za watu wapatao 192,000 walioomba kibali cha kubeba silaha zikawa wazi mtandaoni. Ukinitaka nikuandikie jina langu, nitunzie.

*Nina shotigani ya tangu 2009, niliinunua hapahapa Fresno. Je, nirudi kuisajili? Na mbona nikienda kununua risasi nakataliwa?*

Ndugu, kuisajili si lazima. Sheria ya 2014 haikurudi nyuma. Iliyokuwa yako inabaki yako.

Risasi ndipo penyewe. Tangu Julai 2019 kila anayenunua risasi anachunguzwa dukani, na njia ya haraka ni kulinganisha kitambulisho chako na daftari la bunduki. Ilianza kwa ada ya dola 1. Jina lako humo hamna, kwa sababu bunduki ya 2009 ilifutwa, basi mashine haikujui. Unabaki na njia ndefu, ambayo ilianza kwa dola 19 na inachukua siku. Ndiyo maana wapo watu walioapa hawataandikwa, kisha wakaenda wenyewe kuiandikisha shotigani ya zamani kwa hiari, dola 19 mara moja, ili wanunue marisau bila kero. Sheria yenyewe imekuwa ikiburuzwa mahakamani kwa miaka. Julai 2025 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa walisema, wawili kwa mmoja, kwamba inavunja Katiba, na mvutano haukuishia hapo. Pigia duka simu kabla ya kutia petroli.

Hata aliyeandikwa anakataliwa. Mimi nilikataliwa. Septemba 1 ni ufunguzi wa msimu wa njiwa, na mwaka ule wa kwanza, 2019, nilikwenda jioni ya kuamkia kununua marisau, duka la watu si letu, kwa sababu letu lilikuwa limeishiwa. Kijana alitelezesha leseni yangu. Nyekundu. Akatelezesha tena. Nyekundu. Mimi niliyewaandika mamia ya watu kwa mkono wangu, mashine inasema hainijui!

Ilikuwa ni jina. Niliponunua shotigani yangu nilikuwa na kadi ya ukaazi yenye majina matatu, langu, la baba na la babu, na jina la baba lilikuwa limekaa mahali pa ukoo. Nilipopata uraia nikabaki na mawili, la babu likawa ndilo ukoo. Leseni ya udereva ikafuata. Daftari halikufuata. Humo ndani alikuwapo mtu mwingine, mwana wa baba yangu, mwenye shotigani yangu.

Anwani hufanya hivyohivyo. Ukihama nyumba, ukabadilisha leseni ya udereva, daftari la bunduki halijui kama umehama. Kurekebisha ni bure, humohumo katika CFARS, una namba ya bunduki mkononi. Mwenye majina ya Kiswahili, ya Kiarabu au ya Kikongo, chukua leseni yako na nakala ya karatasi ya dukani, uzilaze mezani, ulinganishe herufi moja moja. Mohamed na Mohammed ni watu wawili. Njiwa nilikula msimu uliofuata.

*Mume wangu amefariki, Mungu amrehemu. Nimekuta bunduki yake uvunguni, imefungwa kwenye khanga. Sijui kama imeandikwa. Naogopa hata kuigusa.*

Pole sana, mama. Hukufanya kosa kwa kuikuta.

Usiigeuze, usivute chochote. Chukulia imejaa. Mwite mtu unayemwamini anayezijua aitoe risasi kama zimo, wewe na watoto mkiwa chumba kingine. Kisha ifungiwe. Tangu Januari 2026 jimbo linataka bunduki ya nyumbani iwe ndani ya kabati au sanduku lenye kufuli, au ivalishwe kufuli lake, isipokuwa mikononi mwa mwenyewe.

Kama unataka kubaki nayo, mjane ana mlango wake: pata kwanza cheti cha usalama, kisha ndani ya siku 30 tangu kuichukua jaza fomu, dola 19. Hapo itaandikwa kwa jina lako, hata kama kwa jina lake haikuwahi kuandikwa. Usipoitaka, muuzaji mwenye leseni anaweza kuinunua au kuiuza kwa niaba yako.

Na ukiona yote hayo ni mzigo, polisi wanaipokea. Lakini piga simu kwanza, ile namba ya kawaida ya kituo, si 911, waambie unacho nini na kiko wapi. Mara nyingi watakuja kuichukua wenyewe. Usiingie mlangoni pa kituo umebeba kitu kirefu ndani ya khanga.